Siku 9 Dukani

Gemu yetu ilikaa dukani siku 9. Siku ya 10, saa tano usiku, nilikuwa Umoja kwa binamu yangu tukihesabu walioinunua, ikaingia barua pepe ya sentensi 3. Ya kwanza ilitusalimu kwa jina la akaunti. Ya pili ilisema gemu imeondolewa kwa kuwa "inatumia vibaya tukio la kusikitisha". Ya tatu ilitushukuru kwa kuchagua duka lao. Nilipofungua ukurasa wetu, ulikuwa umeshatoweka pamoja na maoni ya wachezaji, hata yule wa Kisumu aliyeandika kwamba aliicheza na babake hadi usiku wa manane.

Hiyo ilikuwa Machi 2024. Duka lenyewe silitaji, kwa sababu ninalotaka kulisema linayahusu maduka yote makubwa ya gemu mtandaoni.

Gemu ilitokana na mtungi wa maji. Mwishoni mwa 2007 tuliishi Mathare karibu na mto, kwenye ploti ya mabati yenye vyumba 12. Nilikuwa na miaka 11. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba, mtaa uligawanyika kwa usiku mmoja. Upande wetu maji yalikatika. Bomba lililobaki lilikuwa upande wa pili, na katikati kulikuwa na vizuizi vya mawe na magurudumu yaliyokuwa yakiungua. Kila alfajiri mama alijitwika mtungi wa manjano wa lita 20 na kwenda. Kwenye kizuizi ulitakiwa utoe kitambulisho, na jina lako la pili ndilo lililoamua kama unapita. Mama alizijua njia 3. Alijua ni kijana yupi alikuwa akinunua mandazi kwake kabla ya uchaguzi, na alijifunza kusalimia kwa lugha isiyo yake. Maji aliyoleta tuliyagawa na mzee mmoja, jirani yetu wa kabila lililokuwa likisakwa upande wetu, ambaye kwa siku 6 alishinda chini ya kitanda chetu na kutoka usiku tu kunyoosha miguu. Siku ya 7 mama alimsindikiza gizani hadi nje ya ukuta wa Moi Air Base, ng'ambo ya Juja Road, ambako watu walikuwa wamepiga kambi.

Basi kwenye gemu yetu wewe ndiwe unayebeba mtungi. Huna silaha, na hakuna pointi za kumuumiza mtu. Ukikimbia maji yanamwagika, ukichelewa kuna mtu anayelala na kiu. Kizuizini unachagua salamu, unachagua ukweli au uongo, na mlango unaoubisha leo unakukumbuka kesho. Sauti inayosimulia ni ya mama. Tulimrekodi chumbani tukiwa tumetundika mablanketi ukutani ili kelele za matatu zisiingie, na alipofika kwa yule mzee alituomba tuzime kidogo anywe maji.

Ilituchukua miaka 2. Binamu yangu ndiye mchoraji. Mchana alikuwa akifanya kazi saiba na kuchora baada ya kufunga. Mimi nilikuwa nikirekebisha simu kwenye kibanda Luthuli Avenue, nikaandika programu usiku, stima ikiwepo. Kompyuta tuliinunua mtumba kwa mkopo wa KSh 80,000 kutoka kwa chama cha mama, kikundi cha akina mama wanaokopeshana. Wakati wote huo tuliweka karatasi ukutani yenye nambari moja, 1,133. Ndiyo idadi ya waliouawa iliyoandikwa mwaka 2008 na Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi ule. Wawili kati ya hao walikuwa wa ploti yetu.

Ndiyo maana neno "vibaya" kwenye ile barua lilinichoma. Kama kuna mtu aliona tumelitumia vibaya tukio lile, nilitaka kukaa naye. Chini ya barua kulikuwa na kitufe cha kukata rufaa, na kisanduku kilichopokea herufi 500 tu. Nilieleza gemu ni nini, nikaeleza mama ni nani, nikauliza kosa liko wapi. Jibu lilirudi baada ya dakika 4. Gemu yetu huchezwa kwa saa 2 na nusu. Dakika 4 hazitoshi hata kufika bombani. Nilipokata rufaa ya pili nilingoja siku 11 nikapata sentensi ile ile, nukta kwa nukta. Watu 214 walikuwa wameilipia, na pesa zao zilibaki kwenye akaunti ambayo sisi hatukuweza tena kuifungua.

Asubuhi baada ya barua ya kwanza kuingia, nilipanda kwenda Huruma kumweleza mama. Sikujua nianzie wapi. Nilimsomea barua kwa Kiswahili, polepole. Alinyamaza, akaifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi, kisha akaniuliza, "Mwanangu, walisema ni sehemu gani?"

Nikamwambia hawakusema.

"Basi waulize. Kama ni pale niliposema jina la wale vijana, naweza kurudia."

Wiki zilizofuata nilisoma habari za waliotutangulia. Mwaka 2013 Apple iliikataa gemu moja ya Uingereza kuhusu vita vya Syria, Endgame: Syria, kwa kanuni inayokataza maadui wa gemu kuwa serikali au kundi halisi. Walioitengeneza waliondoa majina yote ya kweli, wakaiita Endgame: Eurasia, ikapita. Mwaka 2016 Mpalestina Rasheed Abueideh alipeleka Liyla and the Shadows of War, kuhusu familia iliyo chini ya mabomu Gaza, akaambiwa haifai kuwekwa kwenye rafu ya gemu, aipeleke kwenye habari au marejeo. Watu wengi walipopaza sauti mtandaoni, Apple ikabadili uamuzi baada ya siku chache. Nilifurahi kwa ajili yake, kisha nikahuzunika. Yeye alisikilizwa kwa sababu kelele ilikuwa kubwa. Sisi wanaotujua walikuwa 214, na hata hao njia ya kuwafikia ilikuwa mikononi mwa duka.

Binamu yangu aliona njia ya Eurasia ndiyo yetu. "Tuuite mji wa kubuni," akasema. "Vizuizi vibaki, Mathare iondoke. Mwenye kuelewa ataelewa." Lilikuwa shauri la mtu aliyechoka na anayedaiwa, na sikumlaumu. Tulikwenda naye kwa mama. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Baba, mimi sikuwa kwenye mji wa kubuni. Nilikuwa Mathare." Hapo tukaliacha.

Kuna gemu ya vita iliyotengenezwa Warsaw na 11 bit studios, This War of Mine, iliyotoka mwaka 2014. Hapo pia huwi askari. Unalinda raia waliokwama ndani ya jengo, unatafuta chakula na dawa, na wazo lake lilitokana na kuzingirwa kwa Sarajevo. Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuiingiza kwenye orodha ya kazi zinazopendekezwa kwa wanafunzi wa sekondari. Huwa naitazama gemu hiyo kama mtu anayemtazama ndugu yake aliyefika. Lakini kilichonikaa zaidi ni sheria waliyo nayo watengenezaji wa huko. Tangu Julai 2020 Umoja wa Ulaya unalitaka jukwaa linalomfungia muuzaji akaunti kabisa limpe sababu kwa maandishi na notisi ya siku 30, isipokuwa kwa hali chache maalumu. Sheria nyingine, iliyoanza kutumika kwa majukwaa kwa jumla Februari 2024, inadai sababu iwe mahsusi: kanuni gani imevunjwa, kwa mambo gani, na kama mashine ilitumika kufikia uamuzi. Rufaa kwenye majukwaa makubwa haziruhusiwi kuamuliwa na mashine peke yake. Mtengenezaji wa Warsaw akiondolewa dukani kesho, lile swali la mama tayari liko kwenye sheria yake. Kwa wa Mathare, swali hilo halimo kwenye sheria yoyote iliyoandikwa kwa ajili yake.

Tulimtafuta wakili, binti wa rafiki ya mama, na akatuona bila malipo. Alituonyesha Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya hatua za kiutawala zilizo halali na za haki, na ya kupewa sababu kwa maandishi anapoathiriwa. Akatuonyesha sheria ya 2015 iliyotungwa kukitekeleza, ambayo haiishii kwa ofisi za serikali, inawagusa pia watu binafsi ambao uamuzi wao unaathiri haki za mtu. Akafungua Kifungu cha 35 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kinachohusu maamuzi yanayofanywa na mashine pekee. Nilianza kupata moyo. Kisha akaufungua mkataba tuliokubali kwa kubofya siku tuliyofungua akaunti, akatusomea pale panaposema ugomvi wowote utaamuliwa Marekani. "Hoja mnayo," akasema. "Shida ni nauli." Hakuwa akifanya mzaha. Kuanzisha tu shauri huko kungegharimu mara nyingi ya mkopo wa chama.

Wapo wanaoniambia nchi ndogo kama yetu haiwezi kuyaamrisha maduka ya ng'ambo. Sikubali. Kuanzia Januari 2021 Kenya ilitoza ushuru wa asilimia 1.5 kwa huduma za kidijitali zinazotolewa hapa na kampuni za nje, na mwishoni mwa 2024 ikauondoa na kuweka mwingine mahali pake. VAT ya asilimia 16 nayo hutozwa kwa bidhaa za kidijitali zinazouzwa kwetu kutoka nje. Mlango wa maduka hayo serikali inaujua, imeubisha kudai pesa na ukafunguliwa. Naiomba iubishe tena kwa ajili yetu tunaouza humo.

Hapa lazima niseme ninachokiogopa. Nilipoanza kuzungumzia haya, rafiki mmoja wa Luthuli alisema suluhisho ni kuipa bodi ya serikali mamlaka ya kuamua gemu zipi ziuzwe na zipi zisiuzwe. Sitaki hilo hata kidogo. Aprili 2018 KFCB, bodi yetu ya kuainisha filamu, iliipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana. Hadithi ya mama ingeweza kukutana na bodi kama hiyo mwaka wa uchaguzi, na ningeambiwa natonesha vidonda vya taifa. Lakini kumbuka kilichofuata. Kahiu alikwenda mahakamani hapa hapa Nairobi, na Septemba mwaka huo jaji akaisimamisha marufuku kwa siku 7. Watu walijazana sinema ya Prestige pale Ngong Road. Siku 7 ni chache, na kesi ilikuwa bado mbichi. Hata hivyo uamuzi ule ulikuwa na sababu iliyotajwa hadharani, ulikuwa na ofisi, na kulikuwa na jaji wa kuupinga mbele yake kwa nauli ya matatu. Bodi niliyoiogopa maisha yangu yote ilikuwa na mlango. Duka nililolipenda halikuwa nao.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Duka lichague bidhaa zake. Mama mboga anayekataa kuuza sigara ana haki hiyo, na sitaki sheria imlazimishe. Lakini duka likiwa kubwa kiasi kwamba kutolewa humo ni kutolewa sokoni, nataka sheria ilibane kwa utaratibu: liseme ni sehemu gani, kwa kanuni ipi, mtu aicheze gemu kabla ya kuihukumu, muda wa kurekebisha utolewe kama hakuna hatari ya papo hapo, pesa zilizokwisha kulipwa zifike kwa mwenyewe, na ugomvi usikilizwe alipo muuzaji. Tuna Mahakama ya Madai Madogo inayosikiliza mashauri yasiyozidi KSh 1,000,000. Mkataba wa kubofya usiweze kutunyang'anya hiyo.

Najua si rahisi kama inavyosikika, kwa sababu wakati mwingine hata duka si mwamuzi. Julai 2025 Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta, iliongeza kanuni inayokataza gemu zinazovunja masharti ya kampuni zinazopitisha malipo, mitandao ya kadi na benki. Siku chache baadaye itch.io, duka jingine la gemu mtandaoni, ikazificha kwenye utafutaji gemu zote zilizotiwa alama ya maudhui ya watu wazima, ikihofia kukatiwa njia za malipo. Shinikizo lilikuwa limetoka kwa kikundi cha Australia, Collective Shout, kilichokuwa kikipinga gemu zenye ubakaji. Gemu hizo sizitetei, na kama ni mimi mwenye duka nisingeziweka. Lakini zilipofagiliwa, ufagio ulipita pia kwa waliokuwa wakisimulia maisha yao bila kumdhuru mtu. Agosti 1 Mastercard ikasema haijaikagua gemu yoyote wala kudai majukwaa ya gemu yawekewe vikwazo. Valve, wenye Steam, wakasema masharti waliyapata kupitia kampuni za kati, ambazo zilitaja kanuni ya Mastercard yenyewe. Niliisoma habari hiyo kibandani na simu ya mteja mkononi. Mtengenezaji analiuliza duka, duka linaonyesha kampuni ya malipo, kampuni ya malipo inaonyesha mtandao wa kadi, na mtandao wa kadi unasema haukusema kitu. Kwetu M-Pesa ipo tangu 2007 na tunajua maana ya maisha yote kupita kwenye njia moja ya pesa. Sheria yoyote itakayoandikwa ikiwagusa wenye maduka tu, itakuwa imewaacha wanaoshika mfereji.

Siku moja mama alinichukua kwenye mkutano wa chama kueleza kwa nini mkopo umechelewa. Ni akina mama 14, hukutana Jumapili baada ya kanisa. Kabla ya zamu yangu kulikuwa na shauri la mwanachama aliyetozwa faini ya KSh 200. Katibu alisimama akasoma kosa, tarehe, na kifungu cha katiba yao, daftari la kurasa 12 lililoandikwa kwa mkono. Yule mama akajibu kwamba siku ile alikuwa hospitalini na mtoto. Wakajadiliana. Faini ikafutwa, ikaandikwa. Hayo yote kwa shilingi 200. Nilikaa pale na barua yangu ya sentensi 3 mfukoni nikahisi koo limekauka. Kisha wakaniita, wakanisikiliza, wakaniongezea miezi 8.

Mkopo tulimaliza kuulipa Januari 2025. Gemu sasa tunaitoa bure, tunaipeleka wenyewe kwenye kumbi za kijamii kwa kompyuta ile ile na televisheni ya kuazima. Kama unatengeneza gemu, nakuomba uhifadhi nakala ya kila ukurasa wako wa dukani tangu siku ya kwanza, maoni ya wachezaji yakiwemo, kwa sababu ukurasa ukiondolewa unaondoka na ushahidi. Waombe wachezaji wakupe anwani zao wakitaka, uziweke kwako. Usiziweke kazi zako zote kwenye akaunti moja. Dodoso la umri na maudhui lijaze na mtu mwingine akiwa pembeni, kwa kuwa sisi tulilijaza saa nane usiku na sikumbuki tulijibu nini kuhusu ukatili. Huenda kosa lilikuwa hapo. Ningeambiwa, ningelirekebisha usiku uo huo.

Mwezi uliopita tulikuwa ukumbini Mlango Kubwa. Mvulana wa miaka kama 13, aliyezaliwa baada ya yote hayo, alifika kizuizini akasita sana, kidole juu ya kitufe. Akageuka akamuuliza mama, aliyekuwa ameketi nyuma na leso begani, "Shosho, hapa nikisema jina langu la kweli?" Mama akamwambia ajaribu aone. Akajaribu. Mtungi ukaanguka, skrini ikawa nyeusi, sauti ya mama ikaanza kusimulia. Ukumbi ukanyamaza. Mvulana akarudi kuanza alfajiri ile upya, safari hii akapita njia ya mtoni.

Tulipokuwa tukikunja nyaya, mama alikuja akasimama karibu nami. "Na wale wa dukani," akasema, "bado hawajasema ni sehemu gani?"